Mtoto Mmoja, Mahakama Mbili

Leo naomba ruhusa yenu niziache kidogo habari zetu za bei ya korosho na mashimo ya barabarani, niwapeleke mbali, hadi Marekani. Sababu ni kwamba nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mtu wa damu yangu ushauri mbaya, tena kwa sauti ya mtu ajuaye. Nilipokuja kuisoma historia ya jambo lenyewe niliona haya. Deni la namna hiyo halilipwi chumbani, hulipwa hadharani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliolewa huko Marekani katika jimbo la Minnesota. Ndoa haikudumu. Mwaka 2016 mahakama ya huko ilitoa talaka, ikampa yeye malezi ya mtoto wao wa kiume aliyekuwa na miaka minne, na baba akapewa siku zake za kukaa na mwanawe. Baadaye, kwa ruhusa ya mahakama hiyo hiyo, mpwa wangu alihamia Houston, jimbo la Texas, alikopata kazi ya kuuguza wazee. Baba akabaki Minneapolis. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zipatazo 1,900. Ni zaidi ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba.

Mwaka 2018 baba alirudi mahakamani kuomba mtoto ahamie kwake. Kila kesi ilipotajwa mpwa wangu alipanda ndege, akakosa ujira wa siku tatu, akamlipa wakili wa mbali. Usiku mmoja akanipigia simu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Si nzuri, Mjomba. Mimi na mtoto tunaishi Texas, shule yake iko Texas, daktari wake yuko Texas. Kwa nini kesi isihamie huku?"

Mimi, bila kuuliza zaidi, nikamjibu: "Mwanangu, unasumbuliwa na mahakama za watu za nini? Mchukue mtoto, panda naye ndege, njoo Tanga. Bibi yake yupo, shule zipo."

Simu ikanyamaza. Kisha akasema polepole: "Mjomba, unataka nifungwe."

Nilidhani anatia chumvi. Hakuwa anatia chumvi, na ili nieleze kwa nini, lazima nirudi nyuma.

Sisi tumezoea nchi yenye ngazi moja ya mahakama. Amri ya malezi iliyotolewa Arusha inamfuata mtu hadi Mtwara, maana sheria ni moja, yaani ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tofauti tunaiona pale tu tunapovuka bahari kwenda Unguja, maana sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake na makadhi wake. Sasa chukua tofauti hiyo ya Bara na Visiwani uizidishe mara hamsini. Hiyo ndiyo Marekani. Kila jimbo lina bunge lake, sheria yake ya ndoa na majaji wake, na mambo ya talaka na watoto ni ya majimbo, si ya serikali kuu.

Waliotunga katiba yao mwaka 1787 waliliona tatizo hilo. Katika ibara ya nne waliagiza kila jimbo liheshimu hukumu za majimbo mengine. Kwa madeni agizo hilo lilifanya kazi vizuri. Mtu aliyehukumiwa Ohio kulipa deni hawezi kukimbilia Florida akaanza kesi upya. Lakini mtoto si deni. Hukumu ya deni huisha siku inapotolewa. Amri ya malezi haiishi, kwa sababu mtoto anakua, mama anapata kazi nyingine, baba anaugua, na mahakama iliyotoa amri inaweza kuibadilisha wakati wowote. Hapo ndipo ufa ulipoanzia.

Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya zote, ilipata kesi ya mama aliyehama New York na mtoto akaenda Florida, akapewa huko talaka na malezi. Siku moja kabla ya amri kutolewa, baba alimchukua mtoto akamrudisha New York. Mahakama ya New York ikaigusa amri ya Florida kwa kumpa baba haki ya kukaa na mtoto nyakati fulani, na Mahakama Kuu ikakubali. Hoja yao ilikuwa hivi: ikiwa Florida yenyewe inaweza kuibadilisha amri yake kesho, basi New York nayo inaweza. Kwa akili ya kisheria hoja hiyo imesimama. Kwa maisha ya watoto ilikuwa kama kuacha geti la shule wazi.

Mwaka 1953 geti lilifunguliwa zaidi. Baba wa Wisconsin alikuwa amepewa watoto na mahakama ya kwao, lakini mama alikuwa ameshahamia Ohio. Watoto walipokwenda kumtembelea, hakuwarudisha. Mahakama Kuu ikasema Ohio hailazimiki kuifuata amri ya Wisconsin, kwa kuwa mahakama ya Wisconsin haikuwa na mamlaka juu ya mama huyo. Jaji Robert Jackson, yule aliyekuwa mwendesha mashtaka wa Marekani huko Nuremberg baada ya vita, alipinga uamuzi huo. Alionya kwamba sasa anayemshika mtoto mkononi ndiye anayeishika sheria yote.

Maneno yake yalitimia. Mzazi aliyeshindwa katika jimbo moja alijua la kufanya. Angengoja mtoto atoke shule, amwingize garini, avuke mpaka, kisha afungue kesi mpya mbele ya jaji wa jimbo la pili ambaye anamwona yeye tu na mtoto wake, huku mwenzake akiwa mbali hana nauli. Wengine waliwabadilisha watoto majina. Polisi hawakuweza kusaidia sana, maana sheria kali ya utekaji nyara ya mwaka 1932, iliyotungwa baada ya mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh kuibwa na kuuawa, iliwatoa wazazi nje. Mgeni akimwiba mtoto na kuvuka naye jimbo, huyo ni mhalifu. Baba au mama akifanya hivyo hivyo, hayo ni mambo ya nyumbani.

Wasikilizaji wangu, sikilizeni hapo. Ushauri wangu kwa mpwa wangu ulikuwa ule ule wa miaka ya hamsini: mchukue mtoto, kimbia, mengine yatajulikana mbele.

Dawa ya kwanza ilipatikana mwaka 1968. Wamarekani wana chombo cha tangu mwaka 1892, tume ya wanasheria kutoka majimbo yote, ambayo kazi yake ni kuandika sheria za mfano, kisha kila bunge la jimbo huamua kuzipitisha au la. Mwaka huo tume ilitoa sheria ya mfano kuhusu mamlaka ya mahakama katika kesi za malezi. Mwandishi wake mkuu alikuwa Brigitte Bodenheimer, mwanasheria mzaliwa wa Ujerumani. Sheria hiyo ilileta neno jipya: jimbo la nyumbani kwa mtoto, yaani jimbo alikoishi na mzazi au mlezi kwa miezi sita mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Haikuuliza mtoto yuko wapi leo asubuhi. Iliuliza amekuwa akiishi wapi.

Majimbo yalijivuta, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980 yote hamsini yalikuwa yamepitisha sheria ya namna hiyo. Tatizo likawa kwamba sheria yenyewe ilikuwa na milango miwili. Mahakama iliweza kudai kesi kwa kuwa ni jimbo la nyumbani, au kwa kuwa mtoto na mzazi wana mahusiano ya karibu na jimbo hilo. Mama akapita mlango wa kwanza, baba akapita wa pili, na mahakama mbili zikawa na mtoto mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, nao waliwekwa.

Mwezi wa Desemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya serikali kuu ya kuzuia wazazi kuteka watoto wao. Hiyo iliweka mambo mawili. Kwanza, jimbo la nyumbani litangulie. Pili, na hili ndilo linalomhusu mpwa wangu, mahakama iliyoanza kutoa amri kwa haki inaendelea kuishika kesi maadamu mtoto au mzazi mmojawapo bado anaishi katika jimbo hilo.

Je, mahakama mbili zikigongana licha ya sheria hiyo, mzazi aende mahakama za serikali kuu zimwamulie? Swali hilo lilijibiwa Januari 1988, na aliyeandika jibu ni mtu tunayemfahamu Afrika Mashariki. Ni Jaji Thurgood Marshall, Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama Kuu yao. Huyu ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1960, akawa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya Lancaster House huko London, akawaandikia rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya huru. Mbele yake mwaka 1988 palikuwa na amri ya California iliyompa baba mtoto na amri ya Louisiana iliyompa mama mtoto huyo huyo. Marshall aliandika kwamba sheria ya mwaka 1980 haikukusudia kuwapa wazazi mlango wa mahakama za serikali kuu. Majaji wa majimbo wenyewe wanapaswa kuifuata, na kwa mzozo usioisha itabaki Mahakama Kuu. Kwa lugha yetu, aliwaambia majaji wa majimbo waheshimiane.

Kuheshimiana kulijaribiwa mbele ya macho ya taifa zima mwaka 1993. Mtoto wa kike alizaliwa Iowa mwaka 1991, akachukuliwa na watu wa Michigan waliotaka kumlea kama mtoto wao. Baba mzazi akajitokeza mapema akisema hakuulizwa. Mahakama za Iowa zikaamua ni kweli, haki zake hazikuwa zimeondolewa kisheria, basi mtoto arudishwe. Walezi wakaenda kwenye mahakama ya Michigan. Jaji wa huko aliona mtoto amestawi mikononi mwao, akaamuru abaki. Lakini mahakama za juu za Michigan zilisema hapana: kesi hii ilianza Iowa, ni ya Iowa, sisi hatuna mamlaka. Agosti 2, 1993 mtoto wa miaka miwili na nusu alikabidhiwa kwa wazazi wasiomlea, kamera za televisheni zikiwa nje ya nyumba, naye akilia.

Nimeifikiria sana kesi hiyo. Kama ungemuuliza mtu yeyote barabarani, angesema mtoto aachwe alipozoea. Hata Sheria yetu ya Ndoa, kifungu cha 125, inamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Lakini Michigan nayo ilikuwa na neno zito. Kama muda wa kukaa na mtoto unatosha kuhamisha kesi, basi kila mwenye mtoto atachelewesha, atakata rufaa, atahama, mpaka mtoto azoee, kisha aseme tazameni, amezoea. Sheria inayomlinda mtoto huyu mmoja ingewahatarisha wengine elfu. Sina jibu jepesi. Nasema tu kwamba majaji wale hawakuwa watu wasio na moyo.

Mwaka 1997 tume ile ile iliandika sheria ya mfano upya, ikaziba milango miwili na kuilinganisha na ile ya serikali kuu. Karibu majimbo yote yaliipitisha. Massachusetts ndiyo iliyobaki nyuma peke yake kwa miaka mingi. Humo ndimo tunapata jibu la swali la mpwa wangu, nami nitalieleza taratibu, maana najua wasikilizaji wetu wengi wana watoto na ndugu huko.

Mosi, kuhama kwa mtoto hakuhamishi kesi. Hata akikaa Texas miaka mitatu, maadamu baba yu Minnesota na mtoto bado ana mahusiano ya maana na huko, mahakama ya Minnesota ndiyo yenye kesi.

Pili, kusajili amri si kuhamisha kesi. Mzazi anaweza kuisajili amri ya Minnesota katika mahakama ya Texas ili polisi na hakimu wa huko waitekeleze. Kutekeleza wanaruhusiwa, kubadilisha hawaruhusiwi.

Tatu, anayeweza kuiachia kesi ni jaji anayeishika. Ombi hupelekwa kwake, sio kwa jaji unayemtaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jaji huyo hupima mambo yaliyoandikwa: kama kumekuwa na mapigo nyumbani, na jimbo gani litawalinda vizuri zaidi, mtoto ameishi nje ya jimbo muda gani, umbali kati ya mahakama hizo mbili, uwezo wa fedha wa kila mzazi, makubaliano yao kama yapo, mashahidi na ushahidi viko wapi, na mahakama ipi inaijua kesi na itaimaliza mapema. Majaji wawili wa majimbo mawili huweza kupigiana simu wakazungumza, na wazazi wakapewa nafasi ya kusema kabla ya uamuzi. Akiona inafaa, jaji wa kwanza husimamisha kesi yake kwa sharti kwamba ifunguliwe mara moja kule kwingine.

Nne, kuna mlango wa dharura. Mtoto akiwa ametelekezwa, au yeye, ndugu yake au mzazi wake akiwa katika hatari ya kuteswa, mahakama ya jimbo alipo inaweza kutoa amri ya muda ya kumlinda. Ni ya muda tu. Jaji hupaswa kumpigia mwenzake.

Tano, anayepata mamlaka kwa hila hukataliwa. Ukimtorosha mtoto ili utengeneze jimbo jipya la nyumbani, mahakama ya huko itakugeuzia mgongo.

Na mimi je, na Tanga yangu? Chini ya sheria hiyo ya mwaka 1997, mahakama za Marekani huitazama nchi ya kigeni kama zinavyolitazama jimbo jingine. Kwa hiyo kumleta mtoto hapa kusingeiondoa kesi Minnesota. Zaidi ya hayo, tangu Desemba 1993 ni kosa la jinai katika sheria ya serikali kuu ya Marekani kumtoa mtoto nje ya nchi ili kumnyima mzazi mwingine haki yake. Kifungo chake hufikia miaka mitatu. Mpwa wangu hakutia chumvi hata punje. Lau angenisikiliza, siku ambayo angetua tena kiwanja cha ndege cha Houston angepokewa na pingu, na mtoto angerudishwa kwa baba kwa sababu zilizotengenezwa na mjomba.

Hakunisikiliza. Aliinama akapeleka ombi lake Minneapolis. Jaji alilikataa. Alisema mtoto ameondoka muda mfupi tu, babu na bibi wa upande wa baba wako huko, na yeye mwenyewe ameijua kesi tangu siku ya kwanza. Lakini alimruhusu kutoa ushahidi kwa simu, sheria inaruhusu hivyo, na ombi la baba la kumhamisha mtoto nalo likakataliwa. Nauli zile zikakoma. Mwaka 2021 baba alipata kazi ya kuendesha malori katika jimbo jingine, akahama kabisa. Minnesota ikabaki bila mama, bila baba, bila mtoto. Ndipo mpwa wangu akaenda kwa jaji wa Texas, na safari hii mlango ulifunguka, kwa kuwa jimbo la nyumbani kwa mtoto lilikuwa hilo na hakuna aliyebaki nyuma.

Alinipigia siku hiyo. Nikamuuliza kama amefurahi kumshinda mwenzake. Akaniambia, "Mjomba, sikumshinda mtu. Mtoto bado anakwenda kwa baba yake kila likizo ndefu. Nilichokuwa nataka ni kutolala nikihesabu nauli."

Nikamwomba radhi kwenye simu. Akacheka, akasema, "Yameisha, Mjomba." Nikaona kwake yameisha, kwangu bado, maana najua wajomba wenzangu ni wengi. Kila wiki kuna mtu hapa nyumbani anapigiwa simu na ndugu wa mbali anayelia kuhusu mtoto, naye hujibu kwa moyo tu: mchukue uje. Kabla hujasema neno hilo, muulize kwanza: amri ilitolewa wapi, na nani bado anaishi huko? Ukishapata majibu hayo, mwambie atafute wakili wa jimbo hilo, na wewe umwombee dua.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaaliwa.